Basilika Mbili

Sidonie Kazadi hakuvua koti alipoingia kwenye galeri ya Marie-Claire. Kuvua koti ni kumwambia mwenyeji kwamba umekuja kukaa, naye hakuja kukaa. Alikuja kuangalia picha mbili, kuuliza maswali yake, na kuondoka kabla mwenyeji hajaanza kumfundisha kazi.

"Hizi hapa," Marie-Claire alisema kwa Kifaransa, akiwasha taa zote. "Niambie wewe ipi ni ya kweli."

Picha zilitundikwa ubavu kwa ubavu. Zote mbili zilionyesha basilika ya Koekelberg, lile kanisa kubwa la Brussels, asubuhi ya ukungu: kuba kubwa juu, miti myeusi chini, na mwanamke mmoja akipita na mfuko wake wa sokoni. Zote zilichorwa kwa wino wa Kichina kwenye karatasi ya Kichina, na zote zilikuwa na muhuri mwekundu wa Maître Ouyang Shuren kwenye pembe ya chini.

Mzee Ouyang alijulikana mji mzima. Alijifunza wino Suzhou akiwa kijana, kisha akaja Brussels kujifunza rangi za mafuta, na badala ya kuchagua upande akazishika sanaa zote mbili, kama mtu aliyeoa wake wawili. Wachoraji wa kwao huuacha weupe wa karatasi ukae mtupu, ndio uwe ukungu au theluji. Yeye alikuwa akimaliza wino, anarudi juu yake na rangi nyeupe nzito, tabaka juu ya tabaka, kama wafanyavyo Wazungu. Wazee wenzake wa Suzhou walimwita mharibifu. Brussels walimwita bwana, wakajaa kwenye madarasa yake.

"Ya kushoto nimeipokea mwenyewe kutoka kwake," Marie-Claire alisema. "Ya kulia niliikuta kwenye mnada hapa hapa mjini. Nimeizuia. Muuzaji kaficha jina lake."

"Na wewe jina umeshampa."

"Nani mwingine? Shekinah, mwanafunzi wa Maître, ndiye anayeichora basilika hii kila siku. Muhuri yeye anaujua ulipo. Polisi wakiingia chumbani kwake watakuta nakala mpaka chini ya kitanda." Marie-Claire alikunja mikono. "Nimemwahidi mama yake nitangoja hadi jioni. Baada ya hapo napeleka mashtaka, na chuo cha Hangzhou nakiarifu. Hawawezi kumpokea mwizi."

Hapo ndipo penye moto. Mwaka huo wa 2011 Shekinah alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Hangzhou, nafasi ambayo Maître Ouyang alimwombea mwenyewe, na tiketi ya ndege alikuwa nayo tayari. Jina likichafuka, nafasi inaenda kwa mwingine. Ndiyo maana mama yake, Maman Antoinette, alikuwa amepanda ngazi za ofisi ya upelelezi ya Sidonie pale Porte de Namur na kukaa kitini bila hata kusalimia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sidonie aliinama. Alitoa lenzi mfukoni akaanza na ya kushoto. Kisha ya kulia. Kisha akarudi kushoto. Wino wa kulia ulikuwa mwepesi kidogo, kana kwamba mchoraji aliongeza maji. Ukungu nao ulitofautiana. Kushoto, rangi nyeupe ilikuwa na mtetemo mdogo kila brashi ilipogeuka, maana mzee alikuwa na mikono inayotetemeka, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Kulia, ukungu ulitandazwa na mkono mtulivu.

"Umeuona ukungu?" aliuliza.

"Umefanana."

"Haya," Sidonie alisema, wala hakubishana naye.

Alichotaka kilikuwa chini ya ukungu. Karibu na miti palikuwa na doa moja kubwa ambapo maji mengi yalikutana na wino mwingi, na kingo zake zilitambaa kwenye karatasi zikafanya vidole vidole, vingine vyembamba kama uzi. Sidonie alifungua mkoba akatoa karatasi ya plastiki angavu, akaishikilia mbele ya picha ya kushoto bila kuigusa, na kwa kalamu nyembamba akafuata ukingo wa doa lile, kidole kwa kidole. Kazi hiyo haitaki haraka. Marie-Claire aliangalia saa yake, akakohoa, akaangalia tena.

Sidonie alipomaliza, aliibeba ile plastiki akaiweka mbele ya picha ya kulia.

Ilikaa sawasawa. Hapakuwa na unywele uliopita nje ya mstari.

"Unaona?" Marie-Claire alisema kwa ushindi. "Binti ana kipaji cha kutisha."

"Tutaona ni kipaji cha nani," Sidonie alijibu, akakunja plastiki yake na kuaga.

*

Shekinah aliishi Koekelberg, ghorofa ya tatu, na basilika yenyewe ilijaa kwenye dirisha lake. Alifungua mlango macho yakiwa yamevimba.

"Tantine, ni kweli?" aliuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, akimwita shangazi kwa heshima. "Banasema mi njo mwizi?"

"Banasema. Mi sijasema bado." Sidonie alimpita akaingia. "Kopi ziko wapi?"

"Ziko mingi, Tantine."

"Njo nimekuya juu ya ile mingi. Leta yote."

Zilitoka kabatini, zikatoka nyuma ya mlango, na chini ya kitanda zikatoka kweli, kama Marie-Claire alivyobashiri. Polisi yeyote angeshukuru Mungu na kufunga jalada. Sidonie aliwahi kuwa polisi, kwa hiyo alijua jinsi jalada linavyofungwa upesi mtu akishachoka.

"Elezea mi kama muntu hajue kitu. Juu ya nini kopi mingi hivi?"

"Ni devoir, Tantine. Maître anatupatia picha yake, tunaifanya tena na tena, mupaka mukono inaacha kujifanya mujuaji. Kwa beye kule Suzhou, kukopia haiko kuiba. Ule haina na kopi njo Maître anamukasirikia." Shekinah alifuta pua. "Alors nilifanya mingi, juu nilipenda anifurahie. Sasa njo zinanifunga."

Sidonie alitandaza plastiki yake juu ya nakala ya kwanza. Doa la Shekinah lilikuwa refu mno. Ya pili, doa lilikwenda kushoto. Aliendelea, moja baada ya nyingine, hadi sakafu ikafunikwa na basilika. Kuba zilikaa. Miti ilikaa karibu karibu. Mwanamke na mfuko wake alikaa vizuri mno, mpaka mtu angecheka. Doa halikukaa hata mara moja.

"Na hapa? Hapa ilikushinda?"

"Ile doa hapana, Tantine, ile haiko ya kukopia. Unaweka wino, unaweka maji, bon, unaondoa mukono. Maji njo inaamua. Hata Maître yeye mwenyewe hawezi kuifanya mara mbili."

"Sema tena."

"Hata Maître hawezi kuifanya mara mbili."

"Sasa, picha ile ya pili iko na doa hii hii. Nimeipima."

Shekinah alichukua plastiki akaiangalia mwenyewe, akaiweka juu ya nakala yake nzuri kuliko zote, akaiondoa. "Ile haiwezekani," alisema polepole.

"Iko inawezekana, juu nimeiona. Donc ile ya pili haiko kopi. Haikuchorwa na weye wala na muntu mwingine." Sidonie alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sasa alikuwa kwenye njia, na alijua. "Karatasi ya Basilique, unaijua?"

Binti alienda kabatini akarudi na kipande kilichofungwa kwa kitambaa. Maître alimpa, alisema, kutoka kwenye rola ile ile ya karatasi iliyochorewa basilika. Shekinah alikuwa amechora juu ya nusu yake ua moja la plam, nusu nyingine aliogopa kuitia brashi. Sidonie alikishika kati ya vidole. Kilikuwa kinene kuliko karatasi za nakala.

"Weka doa hapa, kwa pembeni."

Shekinah alitia tone la wino na tone la maji. Doa lilitambaa, likasimama. Walilikausha kwa mashine ya kukaushia nywele ya Shekinah, kisha Sidonie akakata kile kipande chenye doa akakiweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Alipokitoa alianza kuisugua kona kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemenya kitunguu. Kona ikajikunja. Akaishika, akavuta.

Karatasi ikawa mbili. Kwenye ya juu, doa lilikuwa jeusi. Kwenye ya chini lilikuwa doa lile lile, vidole vile vile, jepesi kidogo.

"Mungu wangu," Shekinah alisema.

"Wino inashuka mupaka chini. Rangi nyeupe inabakia yulu. Njo maana ukungu ya pili ilichorwa upya, na mukono ingine." Sidonie alizitandaza karatasi zote mbili juu ya taulo. "Maître aliwafundisha kubandika picha? Kutia maji, kutia gundi?"

"Hapana, Tantine. Ile ni kazi ya Tonton Bertin peke yake."

Alipotamka jina hilo Shekinah alianza kuziokota nakala sakafuni, na Sidonie hakumsukuma. Aliomba tu kile kipande chenye ua la plam.

*

Bertin alikuwa mtoto wa Likasi na mwanafunzi wa kwanza wa Maître Ouyang Brussels. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la nywele la Chaussée d'Ixelles, na ndani yake palinuka gundi ya unga wa ngano. Kila picha ya Maître ilipita pale kabla ya kutundikwa. Karatasi ya Kichina ni laini, huwezi kuitundika hivyo hivyo. Lazima iloweshwe, inyooshwe, ibandikwe juu ya karatasi nyingine. Tangu mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, hata muhuri Bertin ndiye aliyekuwa akiupiga.

"Maman Sidonie! Karibu. Mutoto wetu, inakuwa namna gani?"

"Eko analia. Bon, nimekuletea kazi, Papa Bertin. Anapenda hii ibandikwe mbele ya safari."

Alimpa ua la plam. Bertin alilipokea kwa mikono miwili, akaliinamia, akatabasamu kidogo. Kisha akafanya kile alichofanya kwa kila karatasi iliyomfikia: akalowesha kidole gumba, akakiweka kwenye kona, akaviringisha.

"Njo namna gani hiyo?" Sidonie aliuliza.

"Ah, hii? Kwanza unauliza karatasi: uko moja ao uko mbili? Kama iko mbili na weye hujue, maji inaingia katikati, inafanya malengelenge. Kazi yote inaharibika."

"Unapima kila karatasi?"

"Kila moja. Hata nikiwa na usingizi."

"Na hii?"

"Mbili." Alisema kwa fahari ya fundi. "Karatasi ya bei, hii. Ya muzuri."

"Na Basilique? Ile nayo ulipima?"

"Nilipima."

"Ilikuwa moja ao mbili?"

Kidole gumba kilisimama. "Moja," Bertin alisema.

"Hii mutoto aliikata kwa rouleau ya Basilique, Papa Bertin. Maître njo alimupatia. Rouleau moja, karatasi yake kutoka mwanzo mupaka mwisho ni mbili. Namna gani Basilique ikuwe moja?"

Sidonie alitoa plastiki yake, akaiweka mezani, na pembeni yake akaweka zile karatasi mbili za Koekelberg, moja nyeusi na moja nyepesi. Bertin alizitazama kwa muda, kisha, Mungu amsamehe, akanyoosha mkono akaligeuza lile tabaka la chini ili aone limebanduliwa vizuri au vibaya.

"Alipasua hapa," alisema, akionyesha tundu dogo.

"Ni mi njo nilipasua. Weye ungeifanya muzuri."

"Ningeifanya muzuri," alikubali. Alivuta kigoda akakaa. "Maman Sidonie, sikuchora uongo. Ile ya chini nayo ni yake. Wino ni yake. Muhuri ni yake."

"Na ukungu?"

"Ukungu ni yangu." Aliinua uso. "Marie-Claire hakuona tofauti?"

"Hakuona."

Kidogo atabasamu. Sidonie alimwona, na alimhurumia kuliko alivyopenda.

"Tangu mwaka wa 1992 niko naye," Bertin alisema. "Brashi zake, mi njo nilisafisha. Picha zake zote, mi njo nilibandika. Jina yangu haiko fasi yoyote. Kisha Hangzhou banafungua mulango, Maître anamuita mutoto wa juzi. Nikasema, bon, fasi moja, kwa ukuta ya muntu hata simujue, kukuwe mukono yangu. Njo vile."

"Na mutoto afungwe kwa fasi yako?"

"Sikuwaza juu yake! Wakati banaanza kusema ni yeye, nikaogopa. Nikangojea Maître aseme."

"Aseme nini? Maître anajua nini?"

Bertin alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Marie-Claire alimwita kwa galerie, aone ile ya pili. Aliiona, Maman Sidonie. Mukono yangu anaijua kuliko mi mwenyewe. Anajua. Anajua mbele yako."

Sidonie hakulitarajia hilo. Alizikusanya karatasi zake pole pole, kwa sababu kesi aliyodhani imefika mwisho ilikuwa na chumba kingine. Kisha akampigia Shekinah simu, akamwambia amkute kwa Maître.

*

Maître Ouyang aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mtu mdogo mwenye fulana ya sufi iliyochakaa viwikoni, na Kifaransa chake kilikuwa kifupi na safi. Chai aliimimina nusu vikombe, ili mkono usiimwage. Shekinah alisimama karibu na dirisha, hakukaa.

"Bertin amekiri," Sidonie alisema. "Aliitenganisha karatasi, akaupaka ukungu upya. Amesema pia kwamba wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu uliposimama mbele ya picha."

"Ndiyo. Ni ukungu mzuri." Mzee aliiangalia mikono yake. "Mimi siwezi tena kuuchora hivyo."

"Ukanyamaza."

"Kwetu, mwalimu ni baba, Madame. Baba hamtoi mtoto wake kwa polisi."

"Una watoto wangapi?"

Maître Ouyang aligeuka kumtazama Shekinah, ambaye hakuyaondoa macho yake.

"Bertin hana mlango mwingine," mzee alisema hatimaye. "Huyu ni kijana. Ana kipaji kuliko yeye, kuliko hata mimi nilipokuwa na umri wake. Nilifikiri, mlango mmoja ukifungwa, atafungua mwingine."

"Huo haukuwa mlango wako wa kufunga," Sidonie alisema. Alikuwa amekasirika, na hakujisumbua kuficha. Alipiga namba ya Marie-Claire, akaiweka simu mbele yake. "Jioni imefika. Doa na karatasi ninazo, na Bertin atarudia maneno yake. Lakini nikienda mimi, watu watasema mpelelezi aliyelipwa na mama yake kapindua mambo. Ukisema wewe, hakuna atakayeuliza tena."

Mzee aliichukua simu kwa mikono yote miwili.

"Marie-Claire, ni Ouyang. Picha zote mbili ni zangu. Ni karatasi moja iliyotenganishwa. Bertin ndiye aliyefanya. Shekinah hakugusa chochote. Usiandike kitu Hangzhou, usiende polisi juu yake." Alisikiliza. Sauti ya Marie-Claire ilisikika kama nyuki ndani ya kopo. "Ndiyo. Siku ile ile uliponionyesha. Nilijua, nikakuacha umshuku." Alisikiliza tena. "Sema hivyo kwa yeyote atakayeuliza. Sema Ouyang alijua."

Aliweka simu chini. Kesi ilikuwa imekwisha, na Sidonie aliinuka kufunga vifungo vya koti.

"Maître," Shekinah alisema kwa Kifaransa, sauti yake ikiwa wazi kabisa. "Kama Tantine hangekuja, ungesema?"

Uongo ulikuwepo pale, mdogo na wa huruma, na hakuna ambaye angemlaumu mzee kwa kuuokota. Sidonie mwenyewe alitamani auokote.

"Hapana," Maître Ouyang alisema.

Shekinah aliitikia kwa kichwa. Alichukua skafu yake juu ya kiti, akaifunga, kisha akarudi kwenye lugha ya nyumbani.

"Twende, Tantine. Maman eko anangojea, na mi niko na valizi ya kufunga."

Mzee aliinuka kuwasindikiza, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoka mle bila yeye kumfikisha mlangoni na kuinama. Alikuwa bado katikati ya chumba Shekinah alipotoka na kuufunga mlango nyuma yake.